Barafu ya Mbali, Makaburi ya Jirani

Mjomba wangu si mtu wa simu. Anayo, wanawe walimnunulia, lakini hukaa kabatini kando ya miwani yake, na akiipiga basi ama kuna harusi ama kuna msiba. Kwa hiyo aliponipigia asubuhi moja ya msimu wa kusi, siku ya pili ya bamvua, moyo ulinidunda kabla hata hatujaamkiana.

"Mpwa wangu," akasema, "hakuna aliyekufa. Ila bahari imefika kwa nyanya yako."

Nilimwelewa papo hapo. Nyanya amelala katika makaburi ya kijijini kwetu, kusini ya Mombasa, kati ya msikiti mdogo na ufuo, chini ya mivinje. Kijiji sikitaji, maana haya ni mambo ya jamaa na wako ambao hawangependa kuyaona gazetini. Nilipokuwa mtoto, kutoka kaburi la mwisho hadi pale maji yakijaa yanapoacha mwani ilikuwa mbio ya kutosha kumchosha mtoto wa miaka minane. Nilipofika safari hii, safu ya kwanza ya makaburi ilikuwa ukingoni kabisa. Mishahidi miwili ilikuwa imeangukia mchangani, na mvinje mmoja mkubwa ulikuwa umelala chini, mizizi yake yote nje kama wavu ulioanikwa.

Ukurasa huu ni wa utamaduni, na yamkini msomaji atauliza barafu ya Ncha za Dunia ina uhusiano gani na utamaduni wa Mswahili. Mimi pia ningeuliza hivyo lau si kaburi lile.

GILASI MBILI

Jioni ile baada ya isha tulikaa barazani. Alikuwapo mwalimu mmoja kijana wa shule ya msingi, naye ndiye aliyelianzisha neno. Alisema bahari inapanda kwa sababu barafu ya huko Ncha za Dunia inayeyuka. Mjomba, aliyekuwa nahodha wa mashua miaka mingi na anayeijua pwani hii kutoka Kiunga hadi Tanga kwa miamba yake, akacheka. Akamtuma mtoto dukani alete vipande vya barafu. Akavitia katika gilasi ya maji, akaizungushia uzi pale maji yalipofika, akaendelea kunywa kahawa yake.

Barafu ilipokwisha, akaiinua gilasi ile mbele ya taa. Maji yalikuwa pale pale penye uzi.

"Haya, mwalimu. Yamepanda wapi?"

Baraza zima likamcheka mwalimu wa watu. Nami nilicheka, kisha nikamtetea, maana wote wawili walikuwa na haki. Barafu inayoelea imekwisha kuchukua nafasi yake majini, na ikiyeyuka hairudishi zaidi ya ilichochukua. Ncha ya Kaskazini ndivyo ilivyo. Pale hapana nchi kavu, ni bahari iliyoganda juu kwa unene wa mita chache tu. Barafu yake yote ikiyeyuka leo, mjomba hataona tofauti ya kutajika kwenye ngazi za bandari.

Lakini nilimwomba gilasi ya pili. Nikaijaza maji hadi mdomoni, nikaweka juu yake chujio la chai, na ndani ya chujio nikatia vipande vilivyobaki. Hatukungoja sana. Maji yalianza kudondoka, gilasi ikafurika, mkeka ukalowa, na shangazi akatugombeza kutoka ndani.

Chujio lile ndilo Greenland, na ndilo Antaktika. Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, upande wa kaskazini ya mbali, chini ya milki ya Denmark, na sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu ambayo mahali penye kina hupita unene wa kilomita 3. Si bahari iliyoganda. Ni theluji iliyoanguka juu ya nchi kavu kwa maelfu na maelfu ya miaka, ikashindiliana ikawa mwamba. Antaktika, huko Ncha ya Kusini, ni bara zima kubwa kuliko Ulaya, na barafu yake ina unene wa kilomita 2 kwa wastani. Barafu ya Greenland yote ikiingia baharini, bahari za dunia zingepanda zaidi ya mita 7, yaani dhiraa 15 hivi kwa kipimo cha mjomba. Ya Antaktika ingezipandisha kiasi cha mita 58, zaidi ya pima 30.

Niliongeza haraka, na naongeza hapa pia, kwamba hayo si mambo ya kesho. Hakuna mtaalamu asemaye kuwa barafu yote hiyo itayeyuka katika zama za wajukuu wetu. Milima ya namna hiyo huchukua karne nyingi kwisha. Nasema hivi kwa sababu wako waandishi wapendao kuchora picha ya mnara wa msikiti ukichungulia juu ya maji, kisha msomaji akifunga gazeti na kutazama nje akiona bahari iko pale pale, haamini tena neno lolote.

Yaliyokwisha kupimwa ni madogo zaidi, na kwangu mimi yanatisha zaidi kwa kuwa yamekwisha kuwa. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimita 20. Ni shubiri moja. Katika miaka 70 ya kwanza ya muda huo zilikuwa zikipanda milimita 1.3 kwa mwaka, lakini kutoka 2006 hadi 2018 zilipanda milimita 3.7 kila mwaka. Ni mwendo unaokazwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya hali ya hewa walitoa hesabu yao mwaka 2021. Kufikia mwaka 2100, kukilinganishwa na miaka ya 1995 hadi 2014, bahari itakuwa imepanda kati ya sentimita 28 na 55 iwapo dunia itapunguza kwa haraka moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kati ya sentimita 63 na mita 1 iwapo moshi utaongezeka mno. Tena walisema hata mita 2 hawawezi kuikanusha, kwa sababu tabia ya barafu kubwa haijafahamika yote.

Si barafu peke yake. Maji yakipata moto hutanuka, na karibu nusu ya kupanda kwa bahari tangu mwaka 1971 kumetokana na kutanuka huko. Nyingine imetoka kwenye barafu za milimani duniani kote, hata zile za Mlima Kenya na Kilimanjaro, ingawa mchango wa hizo zetu ni tone. Lakini zile mbili kubwa ndizo zinazoharakisha mwendo. Katika miaka ya 2010 hadi 2019 zilipoteza barafu mara nne ya zilivyopoteza kila mwaka katika miaka ya 1990.

Ajabu ni kwamba habari hii si mpya. Mwaka 1978, mwaka ule ule aliofariki Mzee Jomo Kenyatta, mtaalamu wa barafu aitwaye John Mercer aliandika katika jarida la Nature kwamba upande wa magharibi wa Antaktika uko hatarini. Barafu ya upande huo imekaa juu ya ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari, kama sinia lililozama, na maji yenye uvuguvugu yakipita chini yake huila kwa ndani. Alisema tutazame vile vizibo vya barafu vinavyoelea mwambaoni mwa Antaktika, maana hivyo ndivyo vitakavyovunjika kwanza. Mwaka 2002 kizibo kimoja, Larsen B, kilivunjikavunjika kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ukubwa wake ulikuwa karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja. Kwa kuwa kilikuwa kikielea, kilifuata sheria ya gilasi ya kwanza ya mjomba na bahari haikupanda. Lakini kilikuwa kama komeo la mlango. Komeo lilipotoka, barafu ya nchi kavu iliyokuwa nyuma yake ilianza kuteremka baharini kwa kasi.

Mjomba alisikiliza yote hayo kimya, kisha akauliza swali la kinahodha: "Ikiwa maji yanatoka huko, mbona wasizame wao kwanza? Sisi tuko wapi na wao wako wapi?"

Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu, na nakiri kwamba nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nililisoma mara tatu. Kila kitu chenye uzito huvuta, kama mwezi uvutavyo maji tukapata kujaa na kupwa. Mlima wa barafu wa Greenland ni mzito kiasi cha kuivuta bahari iliyo kando yake ikajikusanya kuuzunguka. Barafu ikipungua, mvuto nao hupungua, na maji yale huachiliwa yakaenda zake mbali. Kwa hiyo pwani zilizo jirani na Greenland huenda zikaona bahari ikishuka, hali nchi za mbali, na hasa za ukanda wetu wa ikweta, hupata zaidi ya fungu la wastani. Mmarekani Robert Woodward aliipigia hesabu mwaka 1888. Tangu mwaka 2002 barafu hupimwa uzito kwa njia hiyo hiyo ya mvuto, kwa jozi ya setilaiti zinazofuatana angani, na imeonekana kuwa Greenland imekuwa ikipoteza zaidi ya tani bilioni 250 kwa mwaka kwa wastani. Kila tani bilioni 360 hupandisha bahari za dunia nzima milimita moja.

Ya Greenland hutufikia sisi zaidi kuliko walio karibu nayo. Ya Antaktika vilevile. Tumekaa katikati ya mizani.

"Basi," mjomba akasema, "wao hupika, sisi hupakuliwa."

JIWE

Asubuhi ya pili maji yalipokupwa tulitembea ufukweni. Mbele ya kijiji pana jabali la mwamba, na mjomba alinionyesha kitu ambacho nilikuwa nimekiona utotoni bila ya kukitazama. Ndani ya mwamba, juu ya vichwa vyetu, mahali ambapo bamvua kubwa hata la kusi haliwezi kufika, mna makombe ya chaza, kome na matumbawe yaliyokaa kama yalivyoota. Yeye siku zote huamini ni mabaki ya Gharika ya Nabii Nuhu, alayhi salaam. Sikumbishia. Nilimweleza tu wasemavyo wanaopima umri wa mawe.

Mwamba huu wa pwani umejengwa na matumbawe, na matumbawe huota chini ya maji. Basi ukiyaona juu, ama nchi imeinuka ama bahari ilikuwa juu. Wataalamu husema yote mawili hutokea, na si kila jiwe la pwani lina umri mmoja. Lakini wanajua kwa yakini, kwa ushahidi wa pwani nyingi duniani, kwamba miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa kwa mita 5 hadi 10. Maji hayo yalitoka Greenland na Antaktika. Na joto la dunia wakati ule halikuwa la moto wa kutisha, lilizidi lile la kabla ya zama za viwanda kwa nyuzi nusu hadi moja na nusu tu. Dunia yetu ya sasa imekwisha kuingia katika kiasi hicho hicho. Baadaye baridi ikarudi, maji yakafungwa tena katika barafu, na miaka 20,000 iliyopita bahari ilishuka zaidi ya mita 120. Wakati huo mtu angeweza kwenda Unguja kwa miguu kutoka bara. Pemba asingefika, kwa sababu mkondo wake ni wa kina kirefu mno. Mabonde ya mito yaliyochimbika zama hizo ndiyo yaliyokuja kujaa maji yakawa Kilindini na Tudor, yanayokizunguka kisiwa cha Mvita.

Tazama basi ni kitu gani tumejengea. Ngome ya Yesu, iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Kuta za Mji wa Kale, mihrabu za Lamu, nguzo za makaburi, hata chokaa tuliyochoma tukapaka, vyote ni matumbawe. Nyumba ya Mswahili ni kipande cha bahari ya zamani. Tunalala ndani ya kumbukumbu ya bahari ilipokuwa juu, tukiambiana kwamba bahari haipandi.

VISIMA NA MISIKITI

Sisemi kila ufuo unaolika umeliwa na barafu. Kijijini kwetu jirani mmoja mwenye uwezo, ambaye jina lake silitaji, alijenga ukuta hadi mchangani, na tangu hapo mkondo umebadilika. Wavuvi wote wanasema hivyo na mimi nawaamini. Mikoko ilikatwa kwa boriti. Mchanga ulizolewa. Kule Kipini, mto Tana ulipozuiwa na mabwawa huko juu, matope yaliyokuwa yakiishindilia pwani yakapungua, na chumvi ikapanda mtoni hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Ozi. Lakini shubiri moja ya bahari ndiyo inayozidisha kila kosa. Mtu anayeijua pwani anafahamu kwamba maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua kubwa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mahali ambapo zamani maji yalifika mara moja kwa miaka kumi, yakiongezwa shubiri yatafika kila mwaka. Watu wa Vanga, wenye mji wa chini, hawahitaji kuelezwa.

Na kabla bahari haijaingia mlangoni, huingia kisimani. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alivutiwa na misikiti yake ya mbao iliyojengwa imara, na akaeleza kuwa kwenye kila mlango wa msikiti pana kisima kimoja au viwili vya kina cha dhiraa moja au mbili tu, watu hutawadhia hapo. Maji matamu ya pwani hukaa namna hiyo, karibu na juu, kwa sababu yanaelea. Ni mvua iliyozama mchangani ikakaa juu ya maji ya chumvi kama samli juu ya mchuzi. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 zake chini. Bahari ikipanda, au watu wakivuta kwa pampu kupita kiasi, mizani ile huharibika kutoka chini ambako hakuna aonaye. Ndio maana watu wa Lamu hulinda sana vichuguu vya mchanga vya Shela, maana hivyo ndivyo vinavyowawekea maji ya kunywa. Kisima cha msikiti wetu kijijini kimekwisha kuingia chumvi. Imamu alituambia kwa utani kwamba maji hayo yanatosha kwa udhu, kwani hata ya bahari ni tohara, ila hayatoshi kwa chai.

Ukiwa Mombasa, nenda Jumba la Mtwana, pale Mtwapa. Mji ule wa karne ya 14 una msikiti uliosimama ukingoni mwa maji, na huhitaji mtu akueleze. Au Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alikwenda baada ya Mombasa. Magofu ya Kilwa yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mojawapo ya maadui zake ilikuwa bahari inayotafuna ufuo. Zilijengwa kuta za kuzuia mawimbi na wenyeji wakapanda mikoko, hata mwaka 2014 Kilwa ikatolewa katika orodha ile ya hatari. Nimetaja jambo hili kwa furaha, maana habari njema katika mambo haya ni chache. Na kule Gazi, jimbo la Kwale, wanakijiji wamekuwa wakilinda na kupanda mikoko kwa mpango wao wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013, na hulipwa kwa hewa chafu ambayo miti hiyo huizuia.

Wenzetu wa Maldives hawana pa kupandia. Visiwa vyao vingi haviifikii mita moja juu ya bahari. Ibn Battuta huyo huyo alikuwa kadhi huko katika miaka ya 1340, na watu wale walijenga misikiti yao kwa mawe ya matumbawe kama sisi. Ule Msikiti wa Ijumaa wa kale wa Malé ni wa mwaka 1658. Mwaka 2009 rais wao, Mohamed Nasheed, aliwavalisha mawaziri wake vifaa vya kuzamia wakafanya mkutano wa baraza chini ya bahari, ili dunia iwatazame. Dunia ilitazama, ikapiga picha. Indonesia nayo iliamua mwaka 2019 kuuhamisha mji mkuu kutoka Jakarta, ingawa kule sababu kubwa ni ardhi inayodidimia kwa kuvutwa maji ya chini, na bahari inayopanda huongeza juu yake. Iskandaria ya Misri iko hatarini vilevile. Hii yote ni miji ya waja walio kama sisi, wenye adhana, masoko na makaburi ufukweni.

FATWA YA MAJI

Turudi kwetu. Siku ya tatu jamaa walikutana. Walikuwa wa upande wa Mombasa, wa Tanga, na mmoja aliyesikiliza kwa simu kutoka Maskati. Hoja ilikuwa moja: tuyaache makaburi yale au tuyahamishe? Binamu yangu mmoja alisema waziwazi kuwa kufukua maiti ni kumvunjia heshima, na bahari ni ya Mungu, ichukue. Shangazi, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema yeye hatalala usiku wa bamvua akijua mamake yuko mawimbini. Mimi sikuwa na la kusema. Takwimu zangu zote za barafu hazikunisaidia.

Sheikh wetu alingoja wamalize. Akasema kaburi la Muislamu halifukuliwi ila kwa dharura, na maji ni dharura. Kisha akatukumbusha habari iliyopokewa katika Muwatta wa Imam Malik, ya Maansari wawili mashahidi wa Uhud waliozikwa kaburi moja. Mafuriko ya bonde yalilila kaburi lao, nalo likafukuliwa wakahamishwa, na ilikuwa imepita miaka 46 tangu vita vile. Alisema wakakutwa kana kwamba wamekufa jana. Watu waliinamisha vichwa. Binamu yangu alinyamaza, na baada ya muda akauliza ni nani atakayeleta majembe.

Tuliyahamisha makaburi saba siku ya maji mafu, baada ya alfajiri, kabla jua halijakaza. Sanda mpya zilishonwa na wanawake usiku kucha. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba Nyanya alikuwa mwepesi mikononi mwetu kuliko nilivyodhani mtu aweza kuwa, na mjomba ndiye aliyeingia mwanandani kumpokea.

Mahali papya ni juu, nyuma ya msikiti, mwendo wa dakika kumi kutoka ufukweni. Udongo wake ni mwembamba, na baada ya dhiraa moja vijana walikuta mwamba, ikabidi watumie mtaimbo. Kila pigo lilitoa vipande vyeupe. Mtoto mmoja wa binamu yangu aliokota kimoja akanipa. Ndani yake mlikuwa na kome, mzima, mdomo umejaa chokaa. Mjomba alikichukua, akakigeuzageuza, akatazama chini kuelekea baharini, kisha akatazama kaburi. Akakitia mfukoni mwa kanzu, akawaambia vijana waendelee kuchimba.